Macho Yangu na Sauti ya Mama Mkwe

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyepoteza maneno, jambo la kwanza ninalokuomba ni hili: usimseme akiwa amekaa hapo hapo. Nenda uani, msengenye huko ukitaka. Mimi nilikaa miezi sita kwenye kiti changu nikisikia watu wakinijadili kama wanavyojadili kabati la kuhamisha, na hadi leo, miaka saba baadaye, wapo ndugu wanaoona haya kunitazama usoni. Ninaandika haya kwa mkono wa kushoto. Mke wangu Numbi anasahihisha pale kalamu inapopotea, na ananicheka, lakini anasahihisha.

Nilikuwa dereva wa kreni kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba hapa Lubumbashi. Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi, nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje, mimi, Numbi na watoto watatu. Nilikuwa mtu wa kelele. Kwenye zamu yangu hakuna aliyenishinda kwa mzaha, na nikiwa nimekunywa glasi mbili niliweza kumwiga msimamizi yeyote mpaka watu wakashika mbavu. Nayataja haya ili ujue ni nini kilichukuliwa.

Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua za mwisho mwisho. Nilikuwa napanda ngazi ya kreni asubuhi, mguu wa kushoto ukapanda, wa kuume ukabaki. Niliuangalia nikaona ni kiatu changu, ni suruali yangu, lakini mguu wenyewe haukunijua. Mwenzangu aliyekuwa nyuma akanikamata kwa mkanda. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka hospitali ya kampuni, Numbi amekaa pembeni ya kitanda na kitambaa cha kichwa kimemlegea. Nilitaka kumwuliza kama kuna aliyeirudisha baiskeli yangu nyumbani. Nikafungua mdomo, kikatoka kitu kimoja tu: "Kumbe."

Nikajaribu tena. "Kumbe, kumbe." Numbi akafikiri nimegundua jambo, akanisogelea anisikilize. Nikasema "kumbe" mara kumi, kwa hasira, kwa kubembeleza, kwa kunong'ona. Lilikuwa ndilo neno pekee lililobaki, na sikulichagua mimi. Wageni waliuliza nimekula nini, nikajibu kumbe. Waliuliza naumwa wapi, nikajibu kumbe. Watoto walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikalia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, na wakatolewa nje.

Wiki mbili za kwanza nakiri sikuelewa vizuri. Maneno ya watu yalikuja na kupotea, kama redio iliyo mbali na kituo chake. Halafu yakaanza kutulia. Mtu mmoja akisema polepole, nilimshika. Wawili wakisema pamoja, niliwapoteza wote. Kufikia Pasaka nilikuwa naelewa karibu kila kitu kilichosemwa chumbani mwangu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni iliyofika hadi getini, na alinipa nafasi sawa na wengine. Aliniambia, "Citoyen Kasongo, gusa pua," citoyen kwa maana ya mwananchi, ndivyo tunavyoitwa ofisini. Pua niliijua. Mkono wa kushoto ukainuka, ukagusa sikio. Nilishangaa kuliko yeye. Akasema nifunge macho, nikatoa ulimi. Akaniuliza kama jina langu ni Kasongo, na kichwa, ambacho nilitaka kikubali, kikakataa. Alirudia yale yale kila mwezi, na kila mwezi mwili wangu ulinitia aibu kwa namna mpya. Akaandika kwenye faili langu kwamba sielewi amri. Niliona akiandika, na sikuweza kumzuia.

Baridi ilipoanza, sindano nilizokuwa nachomwa hospitalini ziliisha. Juni nikaanzishiwa mazoezi ya kamba, mkono mzima unauvuta mkono mfu juu na chini. Muda mwingi ulikwisha kwenye benchi la kungojea, ukumbi wa simenti ulio baridi, wamama wamefunga watoto ndani ya blanketi, wachimbaji wanakohoa. Muuguzi aliita majina mlangoni na ilibidi uitikie. Aliita "Kasongo!" nami nikabaki kimya nikimwangalia, akaita anayefuata. Mara mbili nilirudi nyumbani bila kuonwa, Numbi akiwa ameenda kutafuta maji ya kunywa. Mara ya tatu mama mmoja aliyekuwa akifagia ukumbi aliliona hilo. Tangu siku hiyo jina langu likiitwa, yeye ndiye aliyeitikia, "Iko hapa!" kwa sauti ya kuzibua masikio, na ufagio mkononi. Sijui jina lake hadi leo, na ninamwombea.

Agosti, wakati wa vumbi, niliweza kwenda na fimbo hadi chooni. Ndipo habari ya tume ikaletwa. Tume ya madaktari ingekaa mwezi wa tisa, kabla ya mvua, kupitia mafaili ya wagonjwa wa muda mrefu. Aliyeelewa anachoambiwa angepewa kazi nyepesi na kubaki kwenye nyumba. Asiyeelewa angerudishwa kwa ndugu zake, na nyumba ingepewa mfanyakazi mwingine.

Kaka yangu mkubwa, Yaya Kalenga, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa, akaja kutoka Kambove. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi maisha yake yote, mtu wa maneno machache na mabega mapana, na tangu baba alipofariki ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Aliketi sebuleni kwangu, mita mbili kutoka kwenye kiti changu, akatandaza mambo. Mimi ningekwenda naye Kambove. Banza, mwanangu wa kwanza, angekuja pia kwa sababu ya shule. Wa pili angepelekwa kwa shangazi yake Sakania. Mdogo angebaki na mama yake, na Numbi mwenyewe, kama bado ana nguvu za kupenda, asifungwe. Alisema hivyo hivyo, asifungwe, yaani aolewe kwingine.

Nilipiga kelele. Nilisema kumbe mpaka mate yakanitoka. Yaya akaniangalia kwa huruma nyingi, akasema, "Muone, masikini." Numbi akamwambia kwamba nasikia, kwamba kila anaporudi kutoka sokoni ananieleza siku yake na anaona usoni mwangu kwamba namfuata. Ni kweli, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akizungumza nami. Yaya akamjibu bila ukali, "Shemeki, unaona kile roho yako inapenda kuona. Miye pia ningependa." Numbi alitoka nje. Jioni hiyo tulipobaki wawili alinigombeza kama mtu aliyefanya makusudi, akaniuliza kwa nini siwezi hata kutikisa kichwa vizuri mbele ya watu. Nilimchukia kwa dakika chache, kisha nikamwonea huruma, kwa sababu mimi pia nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Wakati huo Numbi alikuwa ameanza kwenda Sakania kwa treni kufanya biashara ndogo, anakaa siku tatu nne. Mama yake akaja kutuangalia. Hapa inabidi nieleze jambo, maana vijana wa leo mjini hawalijui vizuri. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani. Hakuna uadui ndani yake, ni heshima. Anapopita unampisha njia na unaangalia chini. Akisema, hata akiwa nyuma ya ukuta, unashusha macho na kunyamaza mpaka amalize. Hamli pamoja. Hali hiyo huendelea hadi upande wa mume ulete kuku na kitambaa, mama mkwe ampike yule kuku, ale mbele ya mkwe wake na kumlisha kwa mkono wake. Tangu siku hiyo mnaweza kutazamana. Jambo hilo ni kazi ya mkubwa wa familia, yaani Yaya. Yaya alikuwa akisema mwaka ujao, mwaka ujao, na miaka kumi na miwili ikapita. Nilimjua mama mkwe wangu kwa miguu yake tu, kwa ndara zake za plastiki za buluu, na kwa sauti.

Hivyo aliishi kwenye jiko la nje, chakula changu kililetwa na watoto, na aliposema na majirani uani nilishusha macho ndani ya nyumba, peke yangu, bila kufikiri. Ugonjwa ulichukua mengi lakini hilo haukuligusa.

Kisha akaja Citoyenne Ngalula. Alikuwa msaidizi wa mwalimu kule chuo kikuu, msichana wa familia ya Kasai, miwani mikubwa, mwendo wa haraka. Alikuwa akichunguza watu waliopoteza lugha, kutaka kujua ni kiasi gani bado wanaelewa. Alinikuta kwenye benchi la hospitali, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, jambo ambalo hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kunifanyia. Akasema, "Citoyen Kasongo, miye siko docteur. Sitakuomba useme, sitakuomba ushike kintu. Utaangalia picha na utasikiliza. Macho yako njo itajibu."

Chombo chake kilikuwa ubao mpana uliosimamishwa juu ya meza. Kwenye pembe nne aliweka picha nne, na katikati palikuwa na tundu. Nyuma ya tundu kulikuwa na kamera ya filamu ya kutia ufunguo kama saa, ikipiga macho ya mgonjwa. Kinasa sauti kilitamka sentensi, mgonjwa akiangalia. Baadaye alisafisha filamu kule chuoni, akaitazama picha moja baada ya nyingine, akahesabu macho yalikwenda pembe gani na yalikaa muda gani. Alinieleza kwamba mtu anayeelewa hawezi kujizuia. Akisikia kuku, macho yanamkimbilia kuku kabla hata hajaamua.

Nilipoelewa hilo moyo ulinidunda mpaka nikaogopa ugonjwa utanirudia. Mkono ulikuwa umenisaliti, kichwa kilikuwa kimenisaliti, mdomo ndio usiseme. Macho yalikuwa bado yangu. Daktari alikubali kungoja matokeo kabla ya tume.

Sentensi zilitakiwa ziwe kwa Kiswahili cha kambini, na Ngalula mwenyewe alisema Kiswahili chake kina Kasai ndani yake na watu wangecheka. Akaja nyumbani kutafuta sauti. Numbi alikuwa Sakania. Mama mkwe alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akisema na jirani, na kweli ana sauti nzuri, ya polepole, kila neno limesimama peke yake. Ngalula akamwomba. Mama mkwe alifikiri kidogo, akauliza kama itanisaidia, akaambiwa itanisaidia sana. Akakubali. Baadaye alisema aliona desturi haivunjwi, kwa sababu hatakuwepo: "Mashini njo itasema, haiko miye." Ngalula hakuuliza yeye ni nani kwangu. Akanasa kaseti nzima, akawasikilizisha kwanza wanaume kumi wazima wa kambi yetu, ili awe na cha kulinganisha. Mmoja alisinzia, wengine wote macho yao yalikimbia walikotumwa.

Siku yangu ikafika. Nikaketi mbele ya ubao, taa ndogo usoni. Picha nilizipitia zote: mwanamke anafua, mwanamke anapika, mtoto analia, mbwa. Nilikuwa tayari kuliko nilivyowahi kuwa tayari kwa kazi yoyote. Kamera ikaanza kulia. Ngalula akabonyeza kinasa sauti, na ndani ya kile kisanduku mama mkwe wangu akasema, "Angalia mwanamke anafua nguo."

Macho yangu yakaenda sakafuni.

Niliyapandisha. Akasema sentensi ya pili, yakashuka. Nilielewa kila neno, nilijua pembe ya kila picha, lakini kila sauti ile ilipoanza shingo yangu iliinama kidogo na macho yakatafuta simenti. Alipomaliza yalipanda, na kamera ilikuwa imekwisha kupita. Jasho lilinitiririka. Nilisema kumbe, Ngalula akanituliza, akafikiri nimechoka. Asiye mgonjwa angeinuka na kumwambia Ngalula abadilishe sauti. Mimi niliketi pale mpaka kaseti ikaisha, nikajua nimejiandikia mwenyewe safari ya Kambove.

Siku ile ile nilijaribu kumweleza Numbi, aliyekuwa amerudi kwa siku moja tu. Nilielekeza mkono jikoni, akaniletea maji. Nilielekeza sikio langu, akalisafisha. Niliutupa mkono hewani, na alfajiri akaondoka kwenda kwenye treni akidhani nina njaa ya kitu asichokijua.

Jumamosi Ngalula akaja na majibu. Tume ilikuwa Jumanne. Yaya Kalenga alikuwepo, alikuwa amekwisha kuzungumza na mwenye lori. Ngalula hakutaka kuketi. Alisema filamu inaonyesha macho yangu hayakufuata picha hata mara moja, na kwamba atalazimika kumpa daktari ukweli. Yaya akatikisa kichwa polepole, na niliona kwamba hata yeye alikuwa ametumaini.

Ndipo sauti ikatoka jikoni, kupitia dirishani. "Mwanangu, ile macho yake ilienda wapi?"

Nikashusha macho.

"Chini, mama," Ngalula akajibu. "Kila mara. Unaanza kusema, inashuka. Unamaliza, inapanda. Sijawahi ona vile kwa mutu mwingine."

Nilisikia mwiko ukiwekwa juu ya sufuria. Kisha mama mkwe akasema, kila neno limesimama peke yake, "Basi mukwe wangu alinisikia. Miaka kumi na mbili anashusha macho juu yangu. Mulitaka anikosee heshima mbele ya mashini?"

Ngalula alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akaketi, hatimaye, kwenye ukingo wa kiti. Yaya ndiye aliyerudisha mambo chini. Alisema kujua sauti ya mtu siyo kuelewa anachosema, hata mbwa anaijua sauti ya anayemlisha. Na Ngalula, kwa unyofu wake, akakubali kwamba ni kweli, hilo halitoshi kwa daktari. Yaya akamwambia basi atafute sauti nyingine. Ngalula akaeleza kwamba wale kumi walisikiliza sauti hii, na bila wao daktari atasema hakuna cha kulinganisha. Kaseti mpya ingemrudisha mwanzo, na zilibaki siku mbili.

"Kalenga," mama mkwe akaita. Hakuna mwanamke katika familia yetu aliyemwita Yaya kwa jina tupu. "Ile kuku ya kufungua macho, haukuileta. Leta sasa. Kisha kama unapenda kumubeba, utamubeba."

Nilifikiri Yaya atakasirika. Alikaa akiangalia mikono yake. Halafu akavaa kofia, akatoka, na jioni kabla jua halijazama akarudi na jogoo mwekundu chini ya kwapa na kitambaa kipya kwenye gazeti. Aliviweka kwenye kizingiti cha jiko, akapiga makofi mawili kama inavyotakiwa, akasema maneno yaliyopaswa kusemwa miaka kumi na miwili nyuma. Aliyasema yote, hakuruka hata moja.

Jumapili mchana Numbi alikuwa amerudi. Walinisogeza katikati ya chumba. Mama mkwe akaingia, na niliziona ndara za buluu zikivuka mlango wangu kwa mara ya kwanza. Akaketi kwenye kigoda mbele yangu, karibu sana. Nilisikia akimega bukari, ugali wetu, akitafuna nyama. Mwili wote ulinisisimka kwa aibu. Akanipa kipande mdomoni, nikakila nikiwa nimeinama.

"Baba Banza," akasema. "Sasa niangalie."

Sikuweza. Naapa kwamba kazi ya kuutikisa mguu uliokufa ilikuwa nyepesi kuliko hii. Yaya alikuwa amesimama nyuma yangu, Numbi mlangoni. Niliyapandisha macho polepole. Ndara. Pindo la kitambaa kipya. Magoti. Mkono wenye kovu la moto, bado umeshika mfupa. Nikasimama hapo nikavuta pumzi. Kisha kidevu, kisha mdomo, kisha nikawa nimemtazama machoni.

Alikuwa na paji la uso la Numbi. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, kichwani mwangu nilikuwa nimemzeesha vibaya. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa bado anatafuna.

"Njo miye," akasema, yaani ndiye mimi. Nikamtazama mpaka akacheka, akafuta uso kwa kiwiko, na Numbi akaja akachukua sahani.

Filamu isingewahi kusafishwa kabla ya Jumanne. Ngalula akaenda kumwomba daktari asimame mwenyewe nyuma ya ubao, aangalie kwa tundu. Alimwomba siku nzima ya Jumatatu, ukumbini, kati ya mgonjwa na mgonjwa, na nadhani daktari alikubali ili aachwe apumue. Alisema dakika kumi.

Jumanne asubuhi lori lilikuwa getini mwa hospitali, vitu vyetu vingine vimo ndani. Nikaketi mbele ya ubao. Kwenye tundu, badala ya kioo cha kamera, kulikuwa na jicho la mtu, jicho jekundu lenye uchovu. Ngalula akabonyeza.

"Angalia mwanamke anafua nguo."

Macho yalishuka. Nusu ya njia nikayashika. Nilikumbuka paji la uso lile, nikaona sauti ina uso sasa, na uso ule ulikuwa umeniruhusu. Yakapanda, lakini nimechelewa. Ya pili nikachelewa. Ya tatu yakayumba yakaangukia picha ya pembeni. Nikamsikia daktari akinyoosha mgongo, kiti kikalia, jicho likaondoka kwenye tundu. Ngalula akasema, "Docteur, moja tena. Moja tu." Jicho likarudi.

"Angalia mtoto analia."

Yakaenda. Yalikwenda yenyewe, kabla sijayatuma. Iliyofuata pia, na iliyofuata. Sitakudanganya kwamba nilipata zote. Zile za kutatanisha, mbwa anamfuata mtoto au mtoto anamfuata mbwa, nilizikosa kadhaa, na hata leo zinanichanganya watu wakisema haraka. Lakini dakika kumi ziliisha na daktari hakuinuka. Aliacha kaseti iende hadi mwisho. Kisha akamwita Yaya aje aangalie, na jicho lililotokea tunduni lilikuwa la kaka yangu, na kaseti ikarudishwa mwanzo kwa ajili yake. Daktari aliketi mezani, akafungua faili langu, akapiga mstari juu ya maneno aliyoyaandika mwezi wa nne, wa tano, wa sita, wa saba na wa nane. Alinitafuta usoni, akaniomba radhi kwa Kifaransa, mimi mwenyewe, siyo Numbi.

Maneno yangu yalirudi kidogo kidogo baada ya hapo, misimu miwili mitatu ya mvua. Jina la Numbi lilikuja la kwanza, na kazi nyepesi niliyopewa ilikuwa kutoa vifaa kwenye ghala la kiwanda, kwa miaka minne. Kama unamuuguza mtu wa namna hii, nakusihi umwangalie macho. Na uulize pia kama kuna sababu ya macho hayo kuinama, ambayo wewe wa nje huijui.

Siku ile ya ubao, tukingojea karatasi ya tume, tuliachwa kwenye benchi mimi na Yaya. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Akasema, akiangalia sakafu, "Mudogo wangu, tulisema mingi mbele yako." Nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Akaweka kofia chini. Akageuka, akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, viganja juu.

"Hii mukono ni Kambove," akasema, akitikisa wa kuume. "Hii ni hapa, na bibi yako na batoto. Hakuna mutu alikuuliza. Miye nakuuliza."

Nikaangalia mkono wake wa kushoto. Nikaukazia macho, asije akasema macho yalipita tu njiani.

Yaya ni mtu wa uangalifu. "Nageuza," akasema. "Kambove iko hapa sasa. Nyumba yako iko huku."

Macho yangu yakahamia mkono wa kuume, yakakaa. Aliendelea kuishikilia mikono yake hewani muda kidogo, mikono mikubwa ya mchimbaji. Kisha akaokota kofia, akaenda getini kumwambia mwenye lori ashushe vitu vyetu.